Nilitia Nia Angani

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimepiga pasi kanzu za baba mwenye nyumba, nimeosha baraza, nimemlisha mtoto wao Lulu uji. Alhamisi twaenda Jedda kwa mamake madam. Tangu Ramadhani madam aniambia: tukienda Jedda, nawe utafanya umra. Mkataba wangu waisha mwezi ujao, na ndege ya kunirudisha Mombasa yatoka hapa hapa Riyadh. Ni safari hii au basi. Ya Rabi, nifikishe.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimemuuliza baba Jedda ni mbali vipi. Kasema kwa gari ni kutwa nzima ya jangwa. Kwa ndege, saa moja na nusu na kitu. Yaani biriani haijaiva, ushafika! Na mimi miaka yote hii nafagia nyumba hii ya Malqa, hapa Riyadh.
Kanikumbusha pia: ndege yapita mikati, mpaka wa kuanzia ihramu, kabla ya kutua. Anayekwenda umra lazima awe ametia nia kabla ya kuivuka. Hayo nayajua tangu chuo cha Kurani.
Nimekata kucha. Nimekoga vizuri.

Alhamisi, 9 Oktoba
Leo nina hasira.
Njiani kwenda uwanja wa ndege, madam: "Wewe mafi umra, hakuna. Utakaa na Lulu." Hata shingo hakugeuza. Baba na shuka zake nyeupe za ihramu akajifanya asoma simu. Mwanamume mzima!
Ndegeni Lulu kanitapikia. Nikawa napangusa. Rubani akatangaza mikati i karibu, baba akaanza labbayka. Mimi matapishi mapajani. Nikasema moyoni, nia haiombewi ruhusa kwa kafili aliyeniajiri. Nikaitia. Ihramu ya mwanamke haina nguo yake maalumu, hakuna aliyejua.
Sasa sikati kucha, sijitii manukato, mpaka niifanye umra yangu. Nimejifunga. Watanifungua vipi, watajua wao.

Ijumaa, 10 Oktoba
Al-Hamra, Jedda, nyumbani kwa mamake madam. Wao wamerudi kutoka Makka wametakata. Mimi jikoni.
Wageni wamekuja. Madam kaniletea chupa ya manukato ya udi: jipulizie, wanuka vitunguu, kisha lete kahawa. Nikamwambia siwezi, nimo ndani ya ihramu. Makelele! Mjanja, mwongo, nani kakwambia utakwenda?
"Wewe, madam. Ramadhani."
Mamake, twamwita Hajja, akainuka na mkongojo wake. Nilidhani anishukia mimi. Kumbe bintiye. "Umemvusha mtu mikati ukamfungia jikoni? Mtoto ni wako. Kesho mlee mwenyewe, yalla!"
Wageni wakaangalia vikombe. Baba kanitafutia kibali cha umra kwenye simu.
Bado nina hasira. Aliniahidi yule. Kwa kinywa chake.

Jumapili, 12 Oktoba
Tumerudi Riyadh.
Jana Hajja alinipeleka Makka mwenyewe, dereva akituendesha. Akanisubiri amekaa, magoti yamuuma. Dua ya kwanza nilikuwa nimemwekea madam, na haikuwa dua nzuri. Nilipoiona Kaaba sikuisoma. Nikaombea magoti ya Hajja.
Nilipomaliza akanikata ncha ya nywele kwa mkasi wake mdogo wa kushonea. "Halas, imekwisha, binti yangu," akasema. Mimi, na mvi zangu hizi, binti.
Ndegeni leo Lulu kalala mapajani. Nikachungulia chini, nitafute pale mahali nilipotia nia. Mchanga tu, na kivuli cha ndege chapita juu yake.