Siku Tatu Ambazo Mto Haukupimwa

4 Februari

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, ila vumbi la makaratasi limenipa mafua. Goti linaendeleaje?

Madaftari yako ya kupima mto yamefika, yote kumi na tisa. Mkuu wangu hapa chumba cha kumbukumbu ameyapokea kwa mikono miwili. Anasema historia ya bonde letu imo humo: lini mto ulihama, lini mashamba ya chini yalizama.

Jambo moja tu. Mwaka wa mafuriko makubwa, kwa siku tatu maji yamepanda kiasi kilekile kila asubuhi na jioni, kama ngazi. Mto haupandi hivyo. Siku hizo ulisoma nguzo ya kupimia maji mwenyewe?

Mwanao

20 Machi

Baba,

Shikamoo. Wiki sita kimya. Shangazi anasema hujambo, unapalilia, ila barua yangu unatembea nayo mfukoni mwa shati. Kama nimekuudhi, nisamehe. Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Goti linalalamika nikipanda mlima tu, nikishuka linanyamaza. Mafua yamekuachia?

Hukuniudhi. Umenikamata.

Siku hizo sikwenda mtoni. Mama yako alishikwa na uchungu, na daraja lilikuwa limekwenda na maji. Mimi na jirani yetu seremala tuling'oa mlango, tukamlaza juu yake, tukambeba kwa njia ya kilimani hadi zahanati. Mkunga alinifukuza mara mbili, nikarudi mara tatu.

Niliporudi nyumbani maji yalishashuka. Nikapima alama ya tope kwenye ukuta wa kinu cha kusagia nafaka kando ya mto, nikajua yalifika wapi. Namba nyingine nilizibuni, kwa kuwa mkaguzi wa madaftari alikuwa njiani na nilihofia kupoteza kazi nikiwa na mtoto mchanga. Cheti chako cha kuzaliwa kinasema ulizaliwa wiki mbili baadaye. Hilo nalo nililifanya mimi. Niliogopa mkaguzi asije akalinganisha tarehe, akajua sikuwa mtoni.

Mama yako alinisihi niseme ukweli. Nikamwambia kesho. Alifariki nikiwa bado nasema kesho.

Ukiniandika mwongo, sitakulaumu.

Baba yako

9 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua yako niliisomea kwenye ngazi za ofisi, nikakaa hapohapo mpaka mlinzi akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nimeongezewa wiki mbili za umri.

Siwezi kuziacha namba zile. Kuna watu watakaojenga nyumba bondeni kwa kuziamini. Mkuu wangu anasema hatufuti kitu. Aliyeandika ndiye anayeongeza maelezo pembeni, kwa mkono wake. Alama ya kinu tunaiacha ilivyo, hiyo ni ya kweli.

Jumamosi nakuja na daftari. Maelezo hayo sitaki kuyaandika mimi.

Mwanao

18 Aprili

Mwanangu,

Natumaini ulifika salama. Uliondoka na daftari kuwahi basi bila kufungua ule ukurasa nilioandika, nami niliona haya kukusomea. Nimeandika hivi:

"Siku hizi tatu sikusoma nguzo. Kilele nilikipima ukutani mwa kinu. Namba nyingine si za kweli. Nilikuwa na mke wangu. Siku ya pili, saa nne asubuhi, mvua ikinyesha, alizaliwa binti yetu. Mzima."

Mkuu wako akisema sentensi za mwisho hazihusiani na mto, mwambie aje anione.

Baba yako