Ugonjwa wa Wazungu

Jumatatu, 1 Septemba 2003
Nimefunga karoti mafungu kumi na nane. Kabichi mbili zimeoza. Arobaini ya mume wangu, Baba Anjela, imepita na bado nachemsha chai ya watu wawili. Shemeji Boniface, mdogo wake, ameshuka na mzigo wa mboga kutoka Mgeta, milimani. Anachechemea. Sikuuliza. Niliogopa.

Jumanne, 2 Septemba
Leo nimeuliza. Akavua ndala. Mstari mweusi chini ya ukucha wa dole gumba, umefika hadi kwenye nyama. Anasema ni jembe. Nikamwambia aende hospitali. Akacheka mbele ya wauzaji wenzangu wote: "Shemeji, si wewe uliyetusomea? Ugonjwa wa Wazungu huo. Mimi Mzungu wa wapi, wa Mgeta?" Wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Naona haya hata kuandika.

Alhamisi, 4 Septemba
Niandike yote, maana sijamwambia mtu.

Januari muuguzi wa zahanati alitazama doa jeusi kwenye unyayo wa Baba Anjela. Akanivuta pembeni. Alisema huenda ni kansa ya ngozi, nimpeleke hospitali kubwa, nisichelewe. Sikumpeleka. Nilikwenda kwanza duka la intaneti, maana nilikuwa karani wa kiwanda kabla hakijauzwa, na Kiingereza nakisoma. Nilijiona mjanja. Nasrin, binti wa mwenye duka, alinitafutia. Picha zote Wazungu. Migongo ya waridi, pua zilizoungua, watu wamelala juani. Maandishi yanasema walio hatarini ni wenye ngozi nyeupe. Unyayo hata mmoja hakuna. Nikachapisha karatasi, nikapanda nayo Mgeta, nikawasomea. Mama mkwe aliimba kwa furaha. Neno la muuguzi nikalimeza.

Basi ni mwiba, tukasema. Jioni Baba Anjela alikuwa akiweka mguu mapajani mwangu, nami nachokonoa kwa sindano. Hakuwahi kuuvuta. Alikuwa akinisimulia habari za mbuzi wake.

Ijumaa, 5 Septemba
Duka la intaneti. Nasrin alinipa pole, akaandika maneno yale yale. Wazungu wale wale. Akakaa kidogo, akaongeza: watu weusi. Ukafunguka ukurasa mmoja, mfupi, wenye picha moja. Unyayo. Ungeweza kuwa wa mume wangu. Imeandikwa kwamba kwa watu weusi kansa hii hutokea zaidi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha.

"Mama, ile siku hatukuandika weusi," akasema taratibu, kama kwamba kosa ni lake.

Nani huandika rangi yake anapoulizia ugonjwa? Wao hawahitaji kuandika weupe. Lakini muuguzi hakuniuliza rangi. Aliniambia nimpeleke.

Jumamosi, 6 Septemba
Sikupanda Mgeta. Nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Jumapili, 7 Septemba
Nimepanda baada ya misa. Karatasi yangu bado imebandikwa ukutani, chini ya picha ya Bikira Maria. Nimesema yote nikiwa nimesimama. Boniface aliuliza jambo moja tu: "Muuguzi alisema kaka apelekwe?" Nikasema ndiyo. Akatoka nje. Mama mkwe aliuacha uji ukaungua. Kisha akaibandua karatasi, akaikunja, akaitia motoni. Hakunitazama. Aliita kwa sauti akiwa mlangoni: "Boni! Vaa viatu. Unateremka na huyu."

Huyu. Zamani aliniita mwanangu.

Jumapili, 26 Oktoba
Boniface ametoka hospitali. Kidole kimekatwa. Madaktari hawajui kama wamewahi. Arudi Januari. Leo amekuja kukaa kibarazani kwangu. Alivua kiatu. Halafu: "Soksi hii inaning'inia mbele, shemeji. Ishone."

Sindano ile ya mwiba ilikuwa bado imechomekwa kwenye kalenda. Nimetumia hiyo hiyo. Yeye aliweka mguu juu ya kigoda, mbali kidogo nami, akawa anatazama milima. Nikashona polepole. Akaanza kunisimulia habari za mbuzi.