Unga Uliogoma Kuchanganyika na Maji

Jumatatu, 7 Juni 1993
Maabara kama kawaida. Kuosha vioo, kuhesabu mayai ya minyoo kwenye kinyesi cha mbuzi. Cha leo kimetoka Kinole, kwa baba. Mayai yamejaa tele, utadhani sikumpelekea dawa ya minyoo, ile ya unga. Zamani bwana mifugo alipanda mlimani na dawa ya serikali. Siku hizi nenda dukani, utajijua mwenyewe.

Jumatano, 9 Juni
Kinole. Mbuzi wanne. Sikitu ana hali mbaya kuliko wote: kope kwa ndani nyeupe, damu imepungua, na ana mimba kubwa. Baba akakiri kwamba alipowanywesha mkono ulitetemeka, dawa nyingine ikamwagika. Nikamgombeza. Baba yangu mzazi, namfokea bandani kwake.

Akafunga mlango wa banda. Kisha akasema atawauza wote.

“Mifugo inataka mkono, mwanangu. Wangu umekwisha.”

Nimeshuka mlima na aibu yangu.

Alhamisi, 10 Juni
Nimechanganya dawa ileile mwenyewe. Mkono wangu hautetemeki. Unga mwingine ukaelea, mwingine ukajikusanya chini. Katikati maji matupu. Basi mbuzi walikunywa maji. Mjinga mimi.

Ijumaa, 11 Juni
Daktari, mkuu wangu wa kazi, hakunicheka. Unga huu hauloweki vizuri, kasema, na dawa isiyoloweka haimfikii mnyoo. Kanipa kichupa cha kilowesho: jamii ya sabuni, ila hiki mnyama anaweza kunywa. Ya kufulia, marufuku.

Nimepanga vibakuli vitatu vya minyoo hai kutoka machinjioni. Dawa peke yake. Dawa na tone la kilowesho. Kilowesho peke yake, tusije tukakisifu kwa kazi isiyo yake.

Jumamosi, 12 Juni
Cha kwanza, wengi wanajipinda. Cha tatu, vilevile. Cha pili, kimya. Nimetokwa na machozi kwa ajili ya minyoo.

Jumapili, 13 Juni
Kinole tena. Shikamoo kwa baba, kisha radhi, hata kabla ya kukaa. Nikamwambia kosa ni la unga, si la mkono wake. Aliniuliza mara mbili kama ni kweli. Nikachanganya, nikatikisa, nikataka kunywesha. Akanipokonya chupa.

“Wewe mshike kichwa.”

Nikamshika Sikitu. Dawa kidogo ilimwagikia shingoni. Iliyobaki ilishuka yote. Nampenda mzee huyu.

Jumapili, 27 Juni
Mayai yamepungua sana. Kope za Sikitu zimeanza kuwa nyekundu.

Baba sikumkuta. Jirani anasema ametoka alfajiri, amekwenda kukata miti ya kupanulia banda.