Sikio Lile Halikuwa la Masizi

Masizi amepata mtu! Ndiyo, Masizi yule yule, paka mweusi, wa jicho moja, ambaye watu wakifika uani kwetu walikuwa wanamruka kama dimbwi. Amechukuliwa. Yuko Kichiwa, ana blanketi lake.

Mwanangu Upendo, sasa ndiyo nakusalimu. Kamwene. Habari za Kigoma na watoto wa watu unaowafundisha? Barua hii nimewaomba wenzako waiweke kwenye kundi letu la simu, waisome wote waliowahi kuchukua paka kwetu. Kujisifu najisifu mbele za watu, basi na aibu yangu nayo isomwe mbele za watu.

Unakumbuka siku ulipomleta? Tulikuwa bado tunakaa Njombe, nawe bado unavaa sketi ya shule. Ulimkuta kwenye kiroba kimefungwa kamba, katupwa nyuma ya mashine ya kusaga, eti mweusi vile lazima katumwa na mtu. Ukamwingiza ndani ya sweta. Baridi ya mwezi wa saba unaijua. Nikasimama mlangoni nikasema, "Huyo hakanyagi jikoni kwangu." Ukasema, "Sawa mama, tutalala huku nje wawili." Na kweli ukakaa chini, mgongo ukutani. Nilidhani nitakushinda! Uji haujachemka nikafungua mlango, naye akapita katikati ya miguu yangu moja kwa moja mpaka kwenye majivu. "Ona," ukacheka, "hata hujui paka ni yupi na masizi ni yapi." Jina likabaki.

Kituo chetu cha paka kilianzia pale, kwenye majivu. Huwa nawaambia watu, mwanangu hakungoja mfadhili. Tulipohamia Makambako ukawapata wenzako, mkajenga banda la mabanzi kwa mikono yenu, mkamleta bwana mifugo kuwafunga paka uzazi. Mkaweka na masharti: hapa hauawi paka, na anayetaka kumshindisha paka njaa ili akamate panya, hapewi. Watu walicheka sana. Leo kuna maghala mpaka Kifanya yana paka wetu, wanakula ugali na dagaa kama wageni wa harusi. Nani mwingine ana mtoto wa namna hiyo? Asimame nimwone.

Halafu ajira yako ikatoka. Pale stendi ulinishika mkono ukaniambia, "Mama, wengine wote watafutie watu. Masizi muache, ananingoja mimi." Nikakasirika. "Kwani mimi siaminiki?"

Siaminiki, mwanangu.

Masika haya watu wametuletea paka mpaka tumewalaza kwenye beseni. Ndipo akaja Mzee Lusungu wa Kichiwa, mjane, analia panya wanamaliza mbegu yake ya mahindi. Nikamwonyesha wazuri wote. Akanyoosha fimbo. "Na yule mweusi?"

Ningesema yule ana mwenyewe. Maneno matatu tu. Lakini wenzako walikuwa wamesimama pale, na siku zote walikuwa wakinitania kwamba Mama Upendo anajua kusifu paka lakini Masizi hataweza kumtoa. Ulimi ukanitangulia. "Yule? Yule baba, panya wa Makambako wakimsikia wanahamia Ilembula."

"Kwa jicho moja?"

"Hilo jingine kalifumba ili alenge vizuri."

Mzee akacheka mpaka akashika ukuta. Na mimi nikajiona bingwa. Banda limejaa, ndiyo, lakini nisijifiche humo. Nilimtoa ili niseme nimemtoa. Jioni nikaloweka dagaa zake, maana meno unajua hana, ndipo nikashtuka kwamba hakuna wa kuzila.

Hilo moja. La pili ndilo linaloninyima raha. Wiki ile ulipiga simu ukaniuliza, "Masizi hajambo?" Nikasema hajambo, amelala. Ukasema, "Mwekee simu sikioni." Upendo, nilimwekea simu paka mwingine. Yule wa milia, mlafi, anayelia hata kwa upepo. Ukamwambia, "Masizi, narudi, usichoke," naye akajibu nyau. Nikakusikia unalia kule Kigoma. Na mimi mama yako nikasema, "Umeona? Amekujua sauti."

Kuanzia hapo kila ukipiga naogopa kupokea. Uliponikosa mara mbili nilikuwa hapa hapa, nimeishika simu mkononi.

Nikafunga safari ya Kichiwa na kikapu, nikamrudishe. Nikamkuta kwenye blanketi la marehemu mke wa mzee, karibu na moto. Mzee anamlowekea dagaa, na hakuna aliyemfundisha. Akaniambia, "Mama Upendo, huyu mlenga shabaha wako! Panya wanapita mbele yake wanamwamkia."

Nikaona mlango umefunguka. "Basi baba nimchukue, nikupe mwingine anayekamata."

"Nani kasema? Panya nimewategea mtego. Huyu tunaongea."

Sikuweza kumtia kikapuni. Nilimweleza habari zako zote, na ya simu pia. Akasema, "Mwenyewe aje. Akimwita na paka akamfuata, mimi sitamshika." Kikapu akanijazia viazi. Nilirudi navyo vimenilemea kuliko paka.

Sikuombi useme nimefanya vizuri. Nina kila cha kujivunia kwako, na kitu kimoja ulichoniachia kwa kukitaja jina ndicho nilichokitoa kwa mzaha. Nikasirikie. Nitukane kidogo ukitaka, ila pokea simu, safari hii nitakayepiga ni mimi, na nitakayeongea ni mimi, siyo yule wa milia.

Shule zikifungwa, wote waliochukua paka kwetu nimewaita uani waje nao tuwaone walivyo, kama mlivyopanga wewe na wenzako. Mzee Lusungu kakubali kuja na Masizi kifuani, ndani ya koti. Nimekutengea kigoda jikoni, karibu na majivu. Utamwita wewe mwenyewe, mimi sitasema neno. Hilo nalo litakuwa la ajabu.

Mama yako, anayekupenda na anayekuogopa,
Mama Upendo

Ni Jumamosi ile ya kwanza baada ya kufunga shule, asubuhi, watu wote wanakuja.