Tui Lisikatike

Alhamisi, 3 Julai

Presha 148. Daktari kaniambia niandike presha kila siku kwenye daftari hili. Presha naandika. Na mengine naandika, karatasi ni yangu.

Shifti imekwisha saa tisa. Foklifti ya kunyanyulia mizigo imenivunja kiuno. Basi la Kipling limejaa, nimesimama mpaka nyumbani Rexdale.

Habari kubwa: tarehe 26 wanakuja kumposa Nuru. Binti yangu wa pekee, nesi, akili za mamake na sura yangu. Kijana anaitwa Hafiz. Mmalei. Anakaa na mamake, Bi Rohana, hapa hapa Kanada, Malvern kule mwisho wa dunia. Bi Rohana alipiga simu kumuuliza mke wangu Saumu alete chakula gani. Simu nikamnyang'anya Saumu. Nikamwambia, Bi Rohana, usilete hata kijiko. Mimi nimekaa kwenu Malaysia miaka mitatu, mpishi wa meli, nitakupikia kuku wa percik, yule wenu wa kuchoma na kupakwa rojo la nazi.

Yule mama akasema, kwa kile Kiingereza chake cha taratibu, kwamba mumewe ndiye aliyekuwa akichoma. Tangu afariki, miaka sita sasa, hajamla kuku huyo. Akasema atakuja na njaa.

Nimefurahi sana. Saumu ananitazama tu.

Ijumaa, 4 Julai

Presha 155.

Sikuwa mpishi wa meli. Naandika hapa kwa sababu hakuna asomaye. Nilikuwa mwosha sufuria. Nilimenya vitunguu kutoka Mombasa mpaka Karachi, mpaka Durban, mpaka Penang. Chunguni sikuruhusiwa kutia hata chumvi.

Na sikukaa Malaysia miaka mitatu. Meli iliharibika Kuantan, tukakaa siku kumi na moja. Kila jioni nilikwenda kwa mama mmoja mwenye kibanda cha kuku, nikala. Siku ya nne akachoka kuniona nimekaa bure, akanipa kipepeo. Nikapepea makaa siku nane.

Basi. Huo ndio upishi wangu.

Hii hadithi ya mpishi nimeisimulia miaka thelathini. Manahodha nimewapikia, mabalozi nimewapikia. Mara nyingine naiamini mwenyewe.

Lakini ladha naijua. Ulimi wangu haujasahau. Mtu aliyetembea dunia nzima ashindwe na kuku?

Jumapili, 6 Julai

Jaribio la kwanza. Nyuma ya jengo letu kuna jiko la chuma la wapangaji wote, meza moja, na bata wa Kanada wasio na adabu.

Nimetoa mbuzi yangu niliyoibeba kutoka Mombasa. Nimeikalia, nikakuna nazi tatu. Watoto wa jengo wakapiga picha. Tui la kopo ni la watu walioshindwa na maisha. Nikasaga vitunguu, tangawizi, mchaichai, pilipili kavu, manjano. Nikatia tui, nikakoroga. Nikakoroga upande mmoja bila kuchoka, moto mdogo, kama alivyonifunza mama yangu. Tui likikatika mafuta yakajitenga juu, hiyo kwetu ni aibu, mwanamke anarudishwa kwao. Langu halikukatika. Jeupe, laini, kama shuka ya bibi harusi.

Kuku nikampaka. Tui lote likateremka makaani. Nikampaka tena. Likateremka tena. Mwisho kuku kapauka kama mgonjwa, na makaa yamekunywa nazi tatu.

Moto ulikuwa mzuri lakini. Hilo niseme.

Saumu kala kipande. Kasema, "Baba Nuru, huyu ni kuku wa kuchemsha aliyepita karibu na moto."

Jumatano, 9 Julai

Nuru kaja kula. Akaniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake: Baba, ulikaa kule miaka mitatu kweli? Mama Hafiz anamhadithia kila mtu. Kawaambia dada zake kwa simu.

Nikamwambia, mimi? Muulize nahodha yeyote.

Akaacha Kiingereza. Anapoacha Kiingereza najua mambo yamekuwa mazito. Akasema, "Baba, hili moja tu. Naomba liwe kweli."

Najua anakumbuka nini. Alipokuwa darasa la pili nilimwambia babake ni nahodha. Akaenda akasema shuleni. Mwalimu akaniita nije nizungumze na watoto kuhusu bahari, nikazungumza, mtoto mmoja akauliza usukani unageuzwaje. Nilikuwa sijawahi kuuona usukani. Nuru alilia ndani ya basi mpaka nyumbani. Hakuniuliza tena habari za meli, mpaka leo.

Nimemwambia ni kweli. Nimemdanganya mwanangu akiwa amenishika mkono.

Sijisikii vizuri. Presha sikupima.

Jumamosi, 12 Julai

Jaribio la pili. Tui zito zaidi. Nimekoroga saa nzima. Halikukatika. Limeteremka.

Nimemwambia Saumu mbona samaki wake wa kupaka tui linashika. Kasema samaki anakaa makaani dakika chache, kuku anakaa saa nzima, tui litamngoja nani? Kasema na yeye hajui. Huyu mwanamke angalau asipojua anasema hajui.

Kindi kaiba kifuu cha nazi, kapanda nacho juu ya mti. Mtu mmoja tu leo kaondoka na faida.

Jumatano, 16 Julai

Jaribio la tatu. Nimetia unga wa mchele ili tui lishike.

Limeshika.

Saumu: "Umempaka kuku uji."

Tumecheka mpaka tukakaa chini kwenye nyasi. Kisha nikawaza siku kumi zilizobaki.

Kuku wote nawagawa kwa majirani. Jengo zima linanipenda. Mama wa Kisomali wa ghorofa ya nne kauliza lini nitapika tena. Mkarimu mimi, hilo halina ubishi, hata kuku mbovu namgawa kwa moyo mweupe.

Jumapili, 20 Julai

Saumu kasema nimpigie Bi Rohana nimwambie ukweli, na yeye atapika biriani, watu watakula, watamshukuru Mungu. Hakupandisha sauti. Angepandisha ningemjibu.

Nilishika simu. Nikatafuta namba. Nikaanza kufikiria nitasemaje. "Bi Rohana, ile miaka mitatu ilikuwa siku kumi na moja." Nikaweka simu. Nimevuka Bahari ya Hindi mara nne, namba moja ya Malvern inanishinda.

Nitamwambia baada ya posa. Au baada ya harusi. Au baada ya mjukuu wa kwanza.

Alhamisi, 24 Julai

Nimerudi kazini nikamkuta Hafiz sebuleni, kakaa wima kama yuko ofisi ya uhamiaji. Kijana mzuri. Kanibusu mkono. Kaleta kifurushi cha gazeti kutoka kwa mamake.

Ndani mna mbano za mianzi, kumi na mbili, zile za kumbana kuku anapochomwa. Nyeusi kwa moshi. Hafiz akasema, anko, hizi ni za marehemu baba, alizichonga mwenyewe alipokuwa bado kwao, akasafiri nazo. Mama hajaruhusu mtu kuzigusa. Kasema zije kwako.

Nikazipokea kwa mikono miwili, macho chini. Hafiz akadhani ni adabu.

Alipoondoka nikaziweka mezani. Zinanuka moshi bado. Mara nikaiona Kuantan, yule mama wa kibanda, jasho lake, mkono wangu na kipepeo. Nikajiona mwizi. Sijawahi kuiba hata sabuni ya meli.

Saumu akazitazama. Hakusema biriani. Akaingia chumbani kuswali.

Presha 161.

Jumamosi, 26 Julai

Naandika pole pole. Mikono inauma.

Wageni walikuwa waje saa nane. Saa nne asubuhi niko nyuma ya jengo peke yangu, kuku sita wamepasuliwa na kubanwa, makaa yameanza kushika, sufuria ya tui motoni. Nakoroga. Upande mmoja, moto mdogo.

Nikasikia viatu kwenye kokoto. Mama mfupi, ushungi wa buluu, Hafiz nyuma yake kabeba begi. Bi Rohana. Kaja masaa manne kabla ya wakati. Alisema hakuweza kukaa nyumbani, alitaka kunusa tangu mwanzo.

Akachungulia sufuria. Akanitazama mkono. Akaniuliza nimejifunzia wapi.

Hapo nilikuwa na jibu tayari. Lilikuwa limeshafika mdomoni, tamu, na nahodha ndani yake. Nikaona zile mbano juu ya makaa.

Nikamwambia. Siku kumi na moja, Kuantan. Sufuria niliosha. Kuku sikupika hata mmoja. Nilipepea moto tu. Nilidanganya kwenye simu ile na nimedanganya watu miaka thelathini. Nuru alikuwa ameshuka na sinia ya chai, kasimama mlangoni, kasikia yote. Sikumwona mpaka nilipomaliza.

Ndege ikapita juu, ikapita yote.

Bi Rohana akaninyang'anya mwiko mkononi. Akaongeza moto. Nikaruka. Nikamwambia, Bi Rohana, litakatika! Nikanyoosha mkono nipunguze. Akanipiga mkono ule kwa mwiko, kofi la mama kwa mtoto.

"Acha likatike," ndivyo alivyosema, kwa Kiingereza chake. "Halijakatika, halijaiva."

Nikasimama nikalitazama likikatika. Miaka yote mtu kaambiwa ni aibu, kisha anaambiwa asimame atazame. Likachemka, likarudi chini, likapoteza weupe wake. Likawa jekundu. Mafuta yakajitenga yakang'aa pembeni. Akachovya kidole, akaonja, akatia ukwaju na sukari. Akachota akampaka kuku mmoja.

Lilishika. Halikudondoka tone.

Nikamuuliza, basi haya yote ulikuwa unayajua? Akasema rojo siku zote lilikuwa lake. Mumewe hakujua hata kusaga kitunguu. Mumewe alikuwa mtu wa moto. Miaka sita ana rojo na hana mtu wa moto. Hafiz anachoma kwa gesi, anamwangalia kuku kama anangoja basi.

Hafiz akasema, "Mama!"

Kisha Bi Rohana akayainamia makaa yangu. Akayatazama muda mrefu. Nilikuwa nimeyasukuma pembeni, mengi kwenye mapaja, machache kwenye vifua, jivu jembamba juu. Hivyo ndivyo nilivyoonyeshwa. Sikujua kama kuna namna nyingine. Akauliza nani kapanga moto huu.

Nikasema mimi.

Akaokota kipepeo changu cha ukili kwenye meza, akanipa. Akasema, haya, pepea.

Nimepepea saa moja na nusu. Yeye anapaka, mimi napepea. Mafuta ya kuku yakidondoka moto ukaruka, nauinamisha. Ukilala, nauinua. Hakunielekeza hata mara moja. Kuku wakawa rangi ya shaba. Harufu ikapanda mpaka ghorofa ya tisa, watu wakatoka kwenye baraza wakauliza kuna nini. Nikawajibu ni posa ya Nuru, binti yangu mimi Athumani, mpepeaji mkuu wa Kuantan. Cheo hicho nimekipata kihalali.

Kabla hatujapanda juu, Bi Rohana akang'ata kipaja pale pale, kwa mkono. Akafumba macho. Akatafuna. Akajifuta kwa ncha ya ushungi, si mdomo, macho. Akasema neno moja la kwao, hakunifasiria, na sikuuliza.

Posa imekubaliwa. Saumu alipiga kigelegele mpaka mama wa Kisomali akaitikia kutoka chini.

Nuru hajanisemesha mchana kutwa. Alihudumia watu, alicheka na watu. Mimi alinipita. Wageni walipokuwa wanavaa viatu akanijia jikoni, akanusa shati langu.

"Siku kumi na moja?" akaniuliza. Kwa Kiswahili.

"Kumi na moja. Nane za kupepea."

"Manahodha wangapi?"

"Hata mmoja."

Akaweka paji la uso wake begani kwangu. Akakaa hivyo kidogo. Kisha akaenda kuwasindikiza wakwe zake.

Jumapili, 27 Julai

Presha 132.

Nimelala mpaka adhuhuri. Nywele zinanuka moshi. Bega la kulia halipandi.

Bi Rohana kaacha mbano hapa. Nilimwambia azichukue, akasema zikae penye moto. Nimezifuta kwa mafuta ya nazi, nimezitundika ukutani, karibu na kipepeo.

Jioni Saumu kasema anataka samaki wa kupaka. Tukashuka wote wawili. Bata walikuwepo. Yeye akakoroga tui lake, jeupe, upande mmoja, halikukatika. Nilikuwa na la kusema.

Sikusema. Nikapepea.