Pini Zilizobaki Tumboni mwa Baba

Jumatano, Kibwezi

Zile pini bado zinanisumbua akili. Daktari alitoa kipande cha utumbo wa Baba, akaunganisha ncha zilizobaki kwa pini ndogo zenye utando unaotoa dawa polepole mpaka kidonda kishikane. Utando utayeyuka, pini zitabaki humo. Na zikiachia...

Kila asubuhi nesi anamwuliza, "Mzee, umetoa hewa?" Hiyo ndiyo dalili kwamba utumbo umeamka na anaweza kuanza kula. Baba ni mzee wa kanisa. Hawezi kujibu nikiwa hapo. Jana nilikaribia kumfokea.

Leo alinituma maji. Niliporudi, nesi alikuwa anacheka, na Baba ameangalia ukutani.

"Mwambie mama yako naweza kunywa uji," akasema.

Nilimpigia Mama nikamwambia waziwazi, "Baba amejamba." Akapiga vigelegele palepale sokoni Kasikeu.