Shemeji wa Kilo Arobaini

Gereji
2 Aprili

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Kikohozi kimekuacha? Sisi huku wazima, ukiacha goti la mama yako, ambalo linauma akipanda ngazi na linapona akitaka kwenda kwa mashoga zake. Mdogo wako anakusalimu. Tangu ashinde mbio ya magari ya Jumapili anatembea kama barabara yote ameinunua yeye.

Sasa nisikilize. Hiyo sheria mpya mliyoipika ofisini kwenu imenitia kichefuchefu. Mtu ashinde, halafu mbio inayofuata abebeshwe kilo arobaini za chuma? Wa pili ishirini na tano, wa tatu kumi na tano, wa nne habebi kitu? Jana mkaguzi wenu ameleta hivyo vyuma, tukavifunga kwa bolti pale anapokaa abiria. Mafundi wangu wamevipa jina: shemeji. Anakaa tu, kusukuma hasukumi, na mafuta anakula.

Miaka thelathini nimepunguza uzito wa magari. Nimekwangua hadi rangi ya ndani ya milango. Leo binti yangu wa kumzaa ananirudishia kilo arobaini, tena zimepigwa muhuri. Mfyuu!

Baba yako


Ofisi ya Kanuni
11 Aprili

Shikamoo Baba,

Kikohozi kimekwisha, nashukuru. Mpe mama pole ya goti na umwambie nimemwelewa. Mdogo wangu mpongeze, ila usizidishe, kichwa chake unakijua.

Baba, usinitemee mate kabla hujanisikia. Umesahau misimu mitatu iliyopita? Yale magari meupe ya kampuni kubwa yalishinda kila mbio. Watazamaji walikuwa wanaondoka katikati ili wawahi foleni ya barabarani. Timu sita zilifunga milango, na wewe mwenyewe uliniambia utaigeuza gereji iwe ya kuosha magari. Haya ni magari ya aina ile ile watu wanayoendea kazini. Yakishindana, mtazamaji anataka kuona gari kama lake nalo linaweza.

Na Jumapili mdogo wangu aliwapitaje wale wa magari meupe? Kwa sababu walianza msimu wakiwa na kilo arobaini za ubingwa wa mwaka jana. Shemeji alipokuwa kwao sikukusikia ukitapika.

Binti yako


Gereji
20 Juni

Mwanangu,

Salamu kutoka kwetu sote. Mama yako yuko vizuri kuliko mimi, maana yeye haendi kwenye mbio.

Nimekuona gazetini unajisifu: mbio sita, washindi sita tofauti. Hongera. Na hao washindi sita, ni wangapi walishindana? Jumapili nilisimama kona ya mwisho na saa yangu mkononi. Gari la tatu na la nne yalifika pamoja, na wallahi yalikuwa yanakaribishana kama wageni mlangoni: tangulia wewe, hapana, tangulia wewe! Maana wa tatu anabebeshwa chuma, wa nne anaondoka mwepesi. Aliyeshika nafasi ya nne akashuka akirukaruka. Watu wakampigia makofi, masikini, wakidhani gari lake limewaka moto na limepona.

Mdogo wako amekanyaga kila mbio, na kila mbio shemeji yuko naye. Breki zinanuka, matairi yanakwisha mapema. Anajua ubingwa unamponyoka na ana miaka thelathini na mbili, hatapata misimu mingi mingine. Akishuka haniangalii. Hii sheria inamwadhibu asiyejua kudanganya. Fanya kitu, au acha kuniambia unafanya kazi.

Baba yako


Ofisi ya Kanuni
1 Julai

Shikamoo Baba,

Mimi mzima wa mwili, roho ndiyo imenuna.

Unadhani hatuoni? Nimesimama mbele ya kamati mara mbili. Nilitaka uzito utokane na pointi za msimu mzima, ili mtu asiufute kwa kujilegeza mbio moja. Wakaniuliza: ushahidi uko wapi? Mafundi wote wanalalamika kwa mdomo na kila mmoja anamnyooshea kidole mwenzake. Hakuna hata mmoja aliyeandika, "Mimi nilifanya," akatia saini. Mwenyekiti anapenda mambo yakae hivyo hivyo. Viti vimejaa, anapiga picha na washindi. Nikimwona anacheka napita mlango wa nyuma.

Barua zako nazisoma mezani hapa. Nikizipeleka kwenye kamati watanicheka, maana chini zimesainiwa "Baba yako". Kamati haimjui baba wa mtu.

Binti yako


Gereji
9 Septemba

Salamu. Natumaini ofisi nzima ni wazima.

Naeleza yafuatayo. Katika mbio ya kabla ya mwisho gari letu lilikuwa la pili, imebaki mizunguko miwili. Nilichukua redio nikamwambia dereva: inua mguu. Akajibu gari liko sawa, wa kwanza anamwona. Nikamwambia tena: inua, mpaka uwe wa nne. Akainua. Dereva hakupanga lolote, nilimwamuru mimi.

Mbio ya mwisho tuliingia bila chuma chochote. Tulishinda, tukapewa ubingwa. Mzee mmoja aliyekuwa amempakata mjukuu wake alinishika mkono akasema, "Mlipigana kiume." Nilienda kuunawa ule mkono kwa sabuni ya kuondolea grisi.

Kombe liko kabatini, na nikilipita nageuza uso. Nimewacheka wenzangu msimu mzima, kumbe nilikuwa nangoja zamu yangu.

Fundi Mkuu, gari namba kumi na nne


Nyumbani kwangu
14 Septemba

Baba, shikamoo,

Nimeisoma mara nne. Niambie kitu kimoja tu: umekosea saini? Kama umekosea, hii naiweka kwenye droo na maisha yanaendelea. Kama hukukosea, watamnyang'anya mdogo wangu ubingwa, na atakayeandika barua hiyo ni mimi. Nitangoja mpaka mwisho wa mwezi. Nijibu, tafadhali.

Binti yako


Ofisi ya Kanuni
3 Oktoba

Ndugu Fundi Mkuu,

YAH: GARI NAMBA KUMI NA NNE

Rejea maelezo yako ya tarehe 9 Septemba. Kamati imefuta pointi zako za mbio mbili za mwisho, na ubingwa wa msimu huu hatapewa mtu. Unatakiwa kurudisha kombe ndani ya siku kumi na nne. Kuanzia msimu ujao, uzito utatokana na pointi za msimu mzima.

Ofisa wa Kanuni


Gereji
25 Oktoba

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Umepata usingizi siku hizi? Sisi tunaendelea. Mama yako amenuna na mimi, goti lake limenuna na sisi wote.

Barua yako ya ofisi imefika. "Ndugu Fundi Mkuu"! Nimekubeba mgongoni, leo nimekuwa ndugu yako. Tena hata shikamoo hakuna. Niliisoma nimesimama, na kombe nimelirudisha kwa mkono wangu.

Mdogo wako alikaa wiki mbili bila kukanyaga hapa. Jumanne alikuja, akamkuta shemeji sakafuni, akachukua spana na kuanza kumfunga mwenyewe kwa ajili ya mazoezi ya msimu ujao. Maneno yake yalikuwa haya tu: "Baba, usiniambie tena niinue." Nikamwambia sitasema. Bado ana hasira na mimi, na ana haki.

Uliniuliza kama nilikosea saini. Nilianza kukujibu mara tatu, nikachana. Ungejibiwa na baba yako, usingeweza kuipeleka ile barua kwenye kamati.

Sasa umeshapeleka, kwa hiyo nakujibu. Sikukosea. Njoo nyumbani, uniamkie vizuri.

Baba yako